Mstari Mmoja Kwenye Jedwali: Historia Fupi ya Pesa za Serikali kwa Wafugaji wa Diff

Leo naomba tuache kidogo mambo ya simu mpya na programu mpya, tuzungumze historia. Msiondoke, kompyuta zimo humu ndani, tena nyingi tu. Swali la leo ni hili: serikali ikiamua kumpa mkulima au mfugaji pesa, inajuaje kwamba huyo mtu yupo?

Sisi waandishi wa programu tunalijua swali hili kwa jina lingine. Kabla hujatengeneza mfumo wowote wa malipo, lazima uamue jedwali lako litakuwa na safu gani, na kila mstari unawakilisha kitu gani. Mstari ni ekari? Ni ng'ombe? Ni kaya? Ni mtu mwenye namba ya kitambulisho? Ukishaamua, umeshaamua pia nani atalipwa na nani hatalipwa, hata kama hukukusudia. Asiyetoshea kwenye safu zako hayupo.

Mfano wangu ni Diff. Kwa wasioijua, Diff ni mji mdogo ulio mpakani na Somalia, Wajir Kusini, katika kaunti ya Wajir. Zamani kote huko kulikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na makao makuu ya mkoa yalikuwa Garissa. Watu wa huko ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua wanazozitegemea ni mbili: Gu, kuanzia Machi hadi Mei, na Deyr, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Zikikosekana mbili mfululizo, mambo huharibika. Shamba lao ni malisho, na malisho hayana ua wala hati.

Jedwali la kwanza: ekari

Watu wengi hudhani ruzuku ya kilimo Kenya ilianza juzi na mbolea. Si kweli. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuongeza uzalishaji wa mazao. Walowezi wa nyanda za juu walihakikishiwa kiwango cha chini cha mapato kwa kila ekari waliyolima mahindi au ngano. Mvua isiponyesha, mazao yakiharibika, serikali inalipa. Kulikuwa pia na malipo ya kuvunja ardhi mpya. Na kabla ya hapo, tangu 1931, walikuwa na Benki ya Ardhi ya kuwakopesha. Mpango ule wa mapato ya chini kwa ekari uliendelea hata baada ya uhuru, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, safari hii kwa wakulima wakubwa wa rangi zote.

Angalieni jedwali hilo: jina la mwenye shamba, namba ya shamba, ekari, zao, malipo. Ni safi kabisa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelitengeneza kwa dakika kumi. Lakini mfugaji wa Diff angeandikwa wapi? Hana shamba lenye namba, halimi zao, na ekari zake ni nyika yote anayopita.

Kwake yeye serikali ilikuwa na karatasi za aina nyingine. Kaskazini yote ilitawaliwa kwa sheria za maeneo maalumu, ile ya 1902 na ile ya 1934, ambazo ziliwapa maofisa uwezo wa kuzuia watu kuingia, kutoka na kuhama na mifugo yao. Mifugo ya kaskazini iliwekewa karantini mara kwa mara. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa, lakini karantini hiyohiyo iliilinda bei ya ng'ombe wa walowezi. Kwa hiyo mkulima wa juu alilipwa mvua ikikosekana, na mfugaji wa chini alizuiwa kuuza hata mvua ikiwepo.

Uhuru ulipokuja haukubadilisha safu za jedwali. Hati ya Bunge Namba 10 ya 1965, ile ya ujamaa wa Kiafrika, ilisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini Mashariki wakati huo ilikuwa katikati ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, chini ya hali ya hatari.

Jedwali la pili: mnyama na mdomo

Baada ya vita, serikali ilianza kumwona mfugaji kupitia mnyama wake. Idara ya soko la mifugo ilinunua ng'ombe wa kaskazini na kuwapeleka kwenye ranchi za kusini kunenepeshwa. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Mkoa wa Kaskazini Mashariki uligawanywa katika maeneo makubwa ya malisho yenye mabwawa na visima. Ukame ulipozidi, serikali ilinunua wanyama dhaifu kabla hawajafa. Kazi hiyo ilifanywa pia na kiwanda cha nyama cha Athi River, KMC, katika ukame wa miaka ya karibuni.

Mfumo huu humlipa aliyefika mnadani na mnyama anayeweza kutembea. Mjane mwenye mbuzi wanne walio mbali na barabara hayumo. Tena malipo huja mwishoni, mnyama akiwa mifupa mitupu.

Halafu kulikuwa na chakula cha msaada: 1984, 1992, 2000, 2006, orodha ni ndefu. Hapo kilichohesabiwa ni mdomo. Magunia yanashushwa, chifu na wazee wana orodha, watu wanagawana. Ni haki kusema kwamba magunia hayo yaliokoa maisha ya watu wengi. Lakini gunia halilipi karo ya shule, halinunui dawa ya ngamia, na huenda likauzwa nusu bei ili kupata vitu hivyo. Pia orodha ya gunia huishi msimu mmoja tu. Ukame ujao, mnaanza kuandika upya.

Jedwali la tatu: kaya

Sasa tunafika kwenye sehemu yetu. Kuanzia mwaka 2008 na 2009, Kenya ikisaidiwa na serikali ya Uingereza ilianza mpango unaojulikana kwa kifupi kama HSNP, wa kuzipa fedha taslimu kaya maskini katika maeneo manne: Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Mwaka 2009 kiwango kilikuwa Sh 2,150 kila baada ya miezi miwili. Kufikia 2016 kilikuwa kimepanda hadi Sh 5,400.

Fikirini tatizo la kiufundi. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007 tu. Sehemu kubwa ya kaskazini haikuwa na mtandao wa simu, umeme wala tawi la benki. Walengwa wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo namba ya siri haikufaa. Suluhisho lilikuwa kadi yenye chipu na mashine ndogo ya kusoma alama za vidole, iliyowekwa kwenye maduka ya kawaida chini ya Equity Bank. Mama anaweka kidole, mashine inalinganisha na alama iliyomo ndani ya kadi yenyewe, mwenye duka anamhesabia pesa. Kwa kuwa alama imo kwenye kadi, mashine haikuhitaji kuuliza Nairobi kila mara. Leo tungeuita mfumo unaofanya kazi nje ya mtandao na kuita jambo hilo uvumbuzi. Kule walifanya hivyo kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Vidole navyo vina mambo yake. Mtu aliyevuta kamba ya kisima miaka hamsini vidole vyake vimelainika, mashine inakataa. Ndiyo maana kila kaya iliruhusiwa kuandikisha mtu wa pili wa kupokea. Kitu kidogo kwenye jedwali, lakini bila safu hiyo bibi angelala njaa huku pesa zake zikiwa dukani.

Awamu ya pili, kuanzia 2013, ikawa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, na hapo ndipo kazi ya hifadhidata ilipokuwa kubwa kweli. Badala ya kuandika maskini peke yao, waliandikisha kaya karibu zote za kaunti zile nne, zaidi ya 370,000. Kaya 100,000 zilizoonekana maskini zaidi zililipwa kila mara. Zilizobaki zilifunguliwa akaunti pia, lakini akaunti hizo zililala. Kwa nini? Ili ukame ukija, zisianze kutafutwa. Setilaiti ikionyesha ukame mkali katika eneo, malipo yanapanuliwa mpaka kufikia nusu ya kaya za eneo hilo. Ukiwa mkali kupita kiasi, robo tatu. Malipo ya kwanza ya dharura ya namna hiyo yalitolewa mwaka 2015.

Wadau, naomba mliangalie jambo hilo vizuri. Kazi ngumu ya kuandika watu ilifanywa wakati wa amani, na uamuzi wa kulipa ukaachiwa namba iliyokubaliwa mapema. Hakuna mbunge wa kubembelezwa, hakuna kamera ya kungojwa.

Lakini jedwali hili nalo lilikuwa na ukuta wake, yaani mpaka wa kaunti. Garissa haikuwemo kwenye zile nne. Iliongezwa baadaye, awamu ya tatu, pamoja na Isiolo, Samburu na Tana River. Wajir Kusini na Garissa ni majirani, na mifugo huvuka mpaka huo bila kujua kwamba upo. Kwa miaka kumi ndugu wawili wenye hali moja, wakipigwa na ukame mmoja, waliweza kuwa mmoja ndani ya mfumo na mwingine nje, kwa sababu ya safu moja iliyoandikwa "kaunti".

Jedwali la nne: pikseli

Hapa ndipo wapenzi wa teknolojia watafurahi. Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, pamoja na washirika wake, ilianzisha bima ya mifugo Marsabit inayosoma majani kutoka angani. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa mchumi Mkenya, Andrew Mude, ambaye mwaka 2016 alipewa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani.

Tatizo la bima ya kawaida kwa mfugaji ni kwamba hakuna kampuni itakayotuma mtu porini kuhakikisha ngamia wako kweli amekufa. Gharama ya safari inazidi bei ya ngamia. Kwa hiyo walisema: tusihesabu mizoga, tupime majani. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa karibu na infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti inapima yote mawili, kisha tunafanya hesabu hii:

NDVI = (infraredi − nyekundu) ÷ (infraredi + nyekundu)

Tuweke namba za mfano. Malisho mazuri: infraredi 0.45, nyekundu 0.15. Jibu ni 0.30 ÷ 0.60 = 0.5. Ardhi kavu: infraredi 0.30, nyekundu 0.25. Jibu ni 0.05 ÷ 0.55, karibu 0.09. Hesabu yenyewe ni hiyo tu. Chombo kilichotumika sana ni MODIS, kilichopo kwenye setilaiti ya Terra iliyorushwa Desemba 1999, chenye pikseli za mita 250. Unachukua wastani wa eneo, unaulinganisha na miaka iliyopita ya eneo lilelile, na msimu ukiwa miongoni mwa mibaya, kila mwenye bima katika eneo hilo analipwa. Malipo ya kwanza Marsabit yalitoka Oktoba 2011.

Wajir ilikuwa na swali la ziada: je, bima ni halali? Watu wa huko ni Waislamu, na bima ya kawaida ina maswali ya riba na kamari. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilileta Wajir bima inayofuata sharia, ambapo watu wanachangia mfuko mmoja wa kusaidiana. Mwaka 2014 wafugaji zaidi ya 100 wa Wajir walilipwa kwa mara ya kwanza. Hapa naona somo kwetu: kanuni ya hesabu ilibaki ileile, kilichobadilika ni mkataba, na mkataba ndio watu walioukubali au kuukataa.

Serikali ikaingia Oktoba 2015 na mpango wa KLIP, ikianzia Wajir na Turkana, kaya 5,000 hivi. Hii sasa ilikuwa ruzuku kamili: serikali ililipa ada yote ya bima kwa mifugo sawa na ng'ombe watano kwa kila kaya. Kipimo kilikuwa ng'ombe mmoja sawa na mbuzi au kondoo kumi, na ngamia mmoja sawa na ng'ombe 1.4. Kufikia 2017 kaunti nane zilikuwemo, Garissa ikiwa mojawapo. Februari 2017, katikati ya ukame, zaidi ya kaya 12,000 katika kaunti sita zililipwa Sh milioni 214. Gawanyeni wenyewe, ni kama Sh 17,800 kwa kaya. Na jambo la maana ni kwamba mkataba ulikuwa umeshabadilishwa ili ulipe mapema, msimu wa mvua unapoisha vibaya, mfugaji anunue nyasi, maji na dawa mnyama akiwa bado hai. Ule wa mwanzo ulikadiria vifo. Sasa ilikuwa kuokoa, si kufidia msiba.

Nisiwadanganye kwamba ni mambo mazuri tu. Setilaiti inaona kijani, haioni kinacholiwa. Mathenge, ule mti wa miiba uliosambaa sehemu nyingi kavu za Kenya, nao ni kijani. Halafu eneo zima linapewa alama moja, ilhali mvua ya nyika hunyesha upande huu wa lugga na kuruka upande wa pili. Na mfugaji wa Diff anaweza kuwa amevuka na ngamia wake upande wa Somalia, huku pikseli zinazoamua malipo yake zikiwa upande wa Kenya. Majani yanapimwa mahali ambapo wanyama hawapo. Siku hizi kazi hii imeingia kwenye mradi mkubwa wa Benki ya Dunia uitwao DRIVE, ulioidhinishwa 2022 kwa ajili ya Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibouti, ambako angalau ramani haikomi mpakani.

Jedwali lililo chini ya yote

Sasa tufike penye uchungu. Kaya, pikseli, akaunti, vyote hivi vinasimama juu ya namba moja: kitambulisho cha taifa. Bila hicho hakuna akaunti, wala laini ya simu kwa jina lako, wala malipo.

Kwa Wakenya wa jamii ya Kisomali namba hiyo haikuwa rahisi. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wapigwe msasa na kupewa kadi ya pekee ya kuthibitisha uraia wao. Hata baada ya hapo kijana wa Wajir alipaswa kupita mbele ya kamati ya wazee na maofisa kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakufanyiwa.

Kisha likaja tatizo la hifadhidata mbili. Kambi za Dadaab, katika Garissa, zilifunguliwa 1991. Katika miaka ya ukame, Wakenya wenye njaa waliokuwa jirani walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto walioandikwa na wazazi wao. Alama zao za vidole zikaingia kwenye orodha ya wakimbizi. Miaka ikapita, mtoto akawa mtu mzima, akaenda kuomba kitambulisho, mfumo ukalinganisha vidole, ukasema: huyu ni mkimbizi. Ombi limekataliwa.

Mnaona mzunguko ulivyo? Ukame ulimfanya mtu aingie kwenye jedwali la chakula. Jedwali la chakula likamtoa kwenye jedwali la uraia. Na kwa kuwa hayumo kwenye jedwali la uraia, hawezi kuingia kwenye jedwali la malipo ya ukame. Programu haikukosea popote, kila ulinganisho ulikuwa sahihi. Aliyekosea ni aliyeamua kwamba mstari mmoja kwenye orodha ya gunia una uzito kuliko ushahidi wa kuzaliwa. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa ule msasa wa ziada. Tangazo ni jambo jema, lakini sisi tunaojua mifumo tunajua kwamba tangazo haliandiki upya hifadhidata. Lazima mtu akae, achambue mstari mmoja mmoja.

Tunajifunza nini

Linganisheni na wenzetu. Marekani, tangu 2001 kikundi cha raia kiitwacho EWG kiliweka kwenye intaneti malipo yote ya ruzuku ya kilimo, wilaya kwa wilaya, na majina ya waliolipwa. Watu wakagundua kwamba pesa nyingi ziliishia kwa mashamba makubwa. Je, tufanye hivyo Wajir? Mimi nasema jumla ndiyo, majina hapana. Kila kata, pamoja na Diff, ijue kaya ngapi zimelipwa, kiasi gani na lini. Lakini jina la mama maskini lisitundikwe mtandaoni. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na aibu ya maskini haipaswi kuwa bei ya uwazi.

Pia angalieni ruzuku ya mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi Sh 3,500, na 2023 hadi Sh 2,500, kwa wakulima walioandikwa kwenye rejista ya kielektroniki. Ujumbe unakuja kwenye simu ukisema mifuko mingapi, kulingana na ekari zako. Ni mfumo mzuri, na umesaidia wengi. Lakini safu yake kuu ni ekari, ileile ya 1942. Miaka themanini, kompyuta zimebadilika, swali limebaki pale pale: una ekari ngapi?

Basi wadau, mkiitwa kesho kutengeneza mfumo wa malipo, iwe kaunti, chama cha ushirika au msikiti wa mtaani kwenu, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu chukueni karatasi mwulize: mstari mmoja kwenye jedwali hili ni nani? Kisha mwulize la pili: nani anastahili lakini hawezi kuandikwa hapa? Kama jibu la pili ni "hakuna", rudini mkaulize tena, safari hii mkamwulize mfugaji.

Wale wa Wajir, Garissa na Mandera mnaosoma hapa, mnayaona haya kwa macho yenu. Semeni nasi. Tukutane tena wiki ijayo, inshallah.